Waandishi Wasio na Jina wa Makongeni

Leo nataka tuzungumzie kazi inayofanywa usiku katika mitaa yetu ya Eastlands, kazi ambayo wengi tunaijua kwa maneno matatu tu: kazi za mtandaoni. Muulize mama yeyote wa Makongeni mwanawe anafanya nini siku hizi, atakujibu hivyo hivyo kisha anyamaze, kwa sababu naye hajaelezwa zaidi ya hapo. Anachojua ni kwamba taa ya chumba cha kijana haizimwi, tokeni za stima zinaisha kabla ya wakati, na asubuhi wenzake wakiwa wameshavuka kwenda Industrial Area, yeye ndiyo kwanza anajifunika blanketi.

Wengi wa vijana hawa ni waandishi vivuli. Wanaandika insha, ripoti na tasnifu za wanafunzi wa vyuo vya Marekani, Uingereza, Australia na Kanada. Mwanafunzi analipa, kazi inaandikwa hapa Nairobi, na ikimfikia mhadhiri inabeba jina la mwanafunzi. Jina la aliyeandika halionekani popote.

Kukesha kwao kunaongozwa na saa za ng'ambo. Vyuo vingi vya Marekani hupokea kazi za wanafunzi hadi dakika moja kabla ya saa sita usiku. Wakati wa baridi kule New York, dakika hiyo kwetu huwa ni saa mbili kasoro dakika moja asubuhi. Mwanafunzi wa kule akikumbuka kazi yake baada ya chakula cha jioni, huku kwetu ni usiku wa manane, na oda inamkuta kijana wa Makongeni macho yamemtoka mbele ya laptopu, blanketi mabegani. Ana saa tano au sita za kusoma jambo ambalo hajawahi kulisikia, kulielewa, na kuliandika kwa Kiingereza cha mtu wa Ohio au wa Manchester.

Kazi hii ina msimu wake, kama kilimo. Novemba na mwanzo wa Desemba, halafu Aprili hadi Mei, vyuo vya kule vinapokaribia mitihani, oda zinamiminika hata mtu hapati nafasi ya kula. Januari na miezi ya likizo yao ndefu kunakuwa kukavu. Ndiyo maana unamwona kijana amelipa kodi ya nyumba miezi mitatu kwa mpigo, kisha baada ya muda anakopa unga dukani. Jirani anadhani ni ulevi, kumbe ni kalenda ya chuo cha watu.

Nilizungumza na mmoja wao, anakaa upande wa mtaa wa Hamza. Ana shahada ya biashara aliyoipata katika chuo kikuu cha umma cha hapa nchini. Alitafuta kazi ya uhasibu mpaka soli za viatu zikaisha, na mwenzake wa chuo akamwingiza katika uandishi. Nilimwomba anieleze oda moja tu, ya usiku mmoja, tangu mwanzo hadi mwisho.

Akanieleza ya mwanafunzi wa uuguzi. Kurasa 6, na ukurasa mmoja kwa hesabu ya biashara hii ni maneno 275. Mada ilikuwa mpango wa kumhudumia mzee mwenye kisukari na kidonda cha mguu. Kijana huyu hajawahi kuingia wodini ila kwenda kumjulia mtu hali. Alianza kwa kutafuta makala za kitaalamu zisizozidi miaka mitano, kwa kuwa maagizo yalitaka hivyo. Akasoma jinsi sukari inavyoharibu mishipa ya fahamu ya mguu hadi mgonjwa akanyage msumari asihisi. Akasoma kwa nini kidonda cha unyayo hakiponi mgonjwa akiendelea kukikanyaga, hata kikisafishwa kila siku, na kwa nini wauguzi hutafuta namna ya kuuondolea mguu uzito. Akapanga marejeo kwa mtindo wa APA, nukta na mabano mahali pake. Akapitisha kazi kwenye programu ya kukagua wizi wa maandishi, akaandika upya sentensi tatu zilizokaribia mno za wengine, akatuma. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, matatu za kwanza zinapiga honi Jogoo Road.

Aliponisimulia kuhusu kile kidonda, msikilizaji, alikuwa anakijua. Alinieleza kwa utaratibu na kwa upole, akisimama kuhakikisha nimemfuata. Nilijiambia, huyu ni mwalimu. Na mwenye cheti cha somo hilo ni mtu mwingine kabisa, ng'ambo ya bahari.

Sasa malipo. Mwanafunzi hulipa kampuni dola kumi na kitu, ishirini, hata zaidi kwa ukurasa, kutegemea haraka aliyo nayo na kiwango cha masomo. Anayeandika, hasa akiwa mgeni katika kazi, mara nyingi huipata oda kwa mkono wa pili au wa tatu, akalipwa shilingi 300 au 400 kwa ukurasa. Katikati kuna kampuni, kuna mwenye akaunti, na pengine kuna mtu aliyeikodi akaunti hiyo kisha akawagawia vijana kazi. Akaunti zenyewe ni mali. Kampuni nyingi ziliacha kupokea waandishi wapya kutoka Kenya, kwa hiyo akaunti ya zamani yenye sifa nzuri huuzwa na kukodishwa kama kibanda cha soko. Fedha zinapita Payoneer au Skrill mpaka zishuke kwenye M-Pesa, na kila kituo kinakata chake.

Na hapo ndipo panaponiuma. Mteja akisema kazi haikumridhisha, anarudishiwa fedha zake, na kazi anabaki nayo. Mwenye akaunti akizima simu mwisho wa mwezi, kurasa 80 za kijana zimekwenda na maji. Atamshtaki nani? Akienda kituo cha polisi aandikishe nini, kwamba alimwandikia mtu asiyemjua, kwa jina la mtu asiyemjua, kazi ambayo hairuhusiwi kujulikana kuwa ameiandika? Hana mkataba wala hati ya malipo, na mwajiri mwenyewe hajawahi kumwona uso. Sheria yetu ya Ajira ya 2007 inamlinda mfanyakazi aliye na mwajiri anayetajika. Huyu hatajiki, na bosi wake hatajiki.

Biashara hii haikuota yenyewe. Kabla ya 2009 intaneti yetu ilipitia setilaiti, ghali na ya kujikokota. Mwaka huo nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na bei ikaanza kushuka. Vyuo vikuu vyetu navyo vilikuwa vinafungua matawi kila mji na kumwaga wahitimu kuliko nafasi za kazi zilizokuwepo. Changanya vijana waliosoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, ajira hakuna, na mtandao unaopatikana hadi nyumba ya chumba kimoja. Kufikia Septemba 2019 gazeti la New York Times lilikuwa limewaeleza Wamarekani kwa kirefu kwamba insha za watoto wao zinaandikwa Kenya. Mwaka 2024 ikatoka filamu, The Shadow Scholars, iliyoongozwa na Eloise King, ambamo Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, mwanamama mwenye asili ya Kenya, anakuja Nairobi kukutana na waandishi hawa ana kwa ana. Alifanya jambo ambalo sisi wenyeji tulichelewa kulifanya: aliwasikiliza kama wasomi.

Kuna msikilizaji anayeuliza sasa hivi, je, huu si udanganyifu? Ni udanganyifu, ndugu yangu, na sitaupaka rangi. Mtihani na insha ya chuo ni kipimo. Anayemlipa mwingine akipitie kipimo kile anawadanganya watakaomtegemea baadaye. Yule muuguzi atakabidhiwa mgonjwa. Mgonjwa huyo atakuja na mguu wake, na muuguzi hatajua alichopaswa kujua, kwa sababu aliyejifunza yuko Makongeni. Na tusijidanganye kwamba ni mambo ya Wazungu tu. Hapa kwetu pia mtu mwenye cheo analipa aandikiwe tasnifu ya uzamili, halafu anatangulizwa kwa shahada hiyo kwenye kila hafla.

Lakini angalia lawama inavyogawanywa. New Zealand ilitunga sheria dhidi ya biashara hii mwaka 2011, Ireland 2019, Australia 2020, na Uingereza kwa upande wa England mwaka 2022. Sheria ya Australia na ile ya England zinamfuata anayetoa huduma na anayeitangaza kwa faida. Mwanafunzi anayenunua hafanywi mhalifu, anaachiwa chuo chake kimwadhibu. Naelewa sababu zao, kwamba mwanafunzi ni kijana na huenda alibanwa. Basi na huyu wetu ni kijana, naye alibanwa, na amebanwa zaidi. Kama kuna huruma ya kumtosha mwenye dola ishirini za kununulia ukurasa, iwepo ya kumtosha anayeuandika kwa shilingi 300. Wanaostahili mkono mzito wa sheria ni kampuni na madalali wanaokusanya faida wakijua kila kitu.

Tutofautishe pia, maana si kila anayemwandikia mwenzake anafanya kosa. Makongeni ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Enzi zile mtu wa reli asiyejua kusoma alimwendea jirani aliyesoma, akamtajia maneno, akaandikiwa barua ya kwenda kwa mkewe kijijini. Maneno yalikuwa ya mwenye barua na mkono ulikuwa wa jirani, na mke aliposomewa hakuna aliyekuwa amedanganywa. Hata viongozi wetu wamesaidiwa kuandika. Kitabu cha Jaramogi Oginga Odinga, Not Yet Uhuru, kilichotoka 1967, kilipita katika mikono ya Ruth First, mwanahabari wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni London, yule ambaye makaburu walimuua kwa bomu la barua mjini Maputo mwaka 1982. Mwana wa Jaramogi, Raila Odinga, alipotoa The Flame of Freedom mwaka 2013, alikiandika pamoja na Sarah Elderkin na jina la bibi huyo likawekwa wazi kitabuni. Mtu ana maisha yake ya kusimulia, mwingine ana ufundi wa kuyapanga. Hiyo ni kazi halali na ya heshima.

Kwa hiyo ufundi walio nao vijana wa Eastlands hauna doa. Doa liko kwenye soko lililoununua. Na soko hilo lina ukatili mmoja ambao watu hawausemi sana, nao ni kwamba linakula miaka ya mtu bila kumwachia kitu cha kuonyesha. Fundi wa magari akifanya kazi miaka minane pale Grogan, wateja wanamjua. Mshonaji ana nguo alizoshona zinazotembea mtaani. Mwandishi kivuli wa miaka minane ameandika maelfu ya kurasa, ya sheria, ya uuguzi, ya uchumi, na akiitwa kwenye mahojiano ya kazi akaulizwa, "Tangu umalize chuo umekuwa ukifanya nini?" anaangalia chini. Karatasi yake ya sifa ina shimo la miaka minane. Akienda benki kutaka mkopo anaombwa hati ya mshahara. Mkwe akimuuliza kazi yake anatafuta maneno. Yule kijana wa Hamza aliniambia kinachomchosha si kukesha, ni kujificha.

Ajabu ni kwamba sheria ya nchi yetu inalitambua jeraha hili. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema mtunzi anayo haki ya kudai kuwa yeye ndiye mtunzi wa kazi yake, na haki hiyo inabaki kwake hata baada ya kuuza haki za kiuchumi za kazi hiyo. Maana yake unaweza kuuza mapato, lakini utunzi unabaki kuwa wako. Sisemi vijana waende mahakamani kudai insha za kisukari. Nasema tu kwamba waliotunga sheria hiyo walijua jina kwenye kazi ni sehemu ya mtu, na sisi tumeacha maelfu ya watoto wetu waitoe sehemu hiyo kwa bei ya sahani ya pilau.

Linganisha na wenzao wa kazi nyingine ya mtandaoni. Vijana waliokuwa wakichuja picha na video za kutisha kwa niaba ya makampuni makubwa ya Marekani walifanya kazi ofisini hapa Nairobi, wakiwa na mikataba na wakijuana. Walipoumia waliweza kukutana, na tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya 150 kati yao walipiga kura jijini humu kuunda chama chao. Wachujaji hao wamefika mahakamani na dunia imewasikia. Waandishi vivuli ni wengi, na wengine wanaishi ploti moja wasijuane, kila mtu amefunga mlango wake na usiri wake. Chama gani kitaundwa na watu wanaoficha kazi yao hata kwa mama zao?

Na wakati hauwangoji. Tarehe 30 Novemba 2022 ilitoka ChatGPT, ile programu ya akili bandia inayoandika insha kwa sekunde. Oda zikapungua mtaani, na wengi waliokuwa wakiishi kwa kazi hii wakarudi nyumbani kwa wazazi. Zilizobaki zimebadilika sura. Mwanafunzi anamletea mwandishi insha iliyotoka kwa mashine, anataka aipitie hadi isomeke kama imeandikwa na mtu, kwa sababu Turnitin, mfumo unaotumiwa na vyuo vingi, ulianza Aprili 2023 kutafuta dalili za maandishi ya mashine. Kwa kazi hiyo analipwa chini ya alichokuwa akilipwa kuandika. Msomi wa chuo kikuu ameshushwa cheo, kutoka kuandika kwa jina la mtu mwingine hadi kusafisha maneno ya mashine kwa jina la mtu mwingine.

Basi tufanye nini? Sitawaambia vijana waache kesho asubuhi. Kodi hailipwi kwa mawaidha. Nitasema na wale wenye kazi za kutoa.

Wewe mwenye shule unayetaka mitihani ya majaribio yenye maswali yaliyofikiriwa, wewe mwenye Sacco ambaye ripoti yako ya mwaka haisomeki, wewe wakili mwenye majalada yasiyofanyiwa utafiti, hapa Eastlands kuna watu waliozoea kusoma makala 15 kwa usiku mmoja na kutoa kurasa zilizonyooka kabla ya jua. Waite. Wape jaribio la kurasa mbili, wala usiwaulize habari ya lile shimo. Walipe, na chini ya kazi waandike jina lao.

Kuna kazi moja ambayo haiwezi kungoja. Mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu umeifikia Makongeni, na zile nyumba za reli zinapisha maghorofa. Wazee waliofanya kazi kwenye injini, kwenye karakana na kwenye ishara za njia wanatawanyika kwa watoto wao, Kayole, Kitengela, wengine mashambani. Wakitawanyika wanakwenda na habari za mtaa huu: nani alipewa nyumba na kwa daraja gani la kazi, migomo ilipangwaje, mishahara ilipochelewa walikula nini, watoto walisoma wapi. Nyingi hazijaandikwa mahali popote. Na mwandishi anayejua kumhoji mtu, kupanga habari na kuhakikisha tarehe yuko mlango wa tatu kutoka kwa mzee huyo.

Gharama yake si ya kutisha. Kitabu cha kurasa 100, ukimlipa mwandishi shilingi 1,000 kwa ukurasa, zaidi ya maradufu ya anacholipwa na madalali, ni shilingi 100,000. Kanisa moja linaweza kuzichanga. Chama cha wastaafu kinaweza. Mbunge au mwakilishi wa wadi hutumia zaidi ya hapo kwa mahema na viti vya mkutano mmoja. Maktaba za umma ziko karibu, moja Kaloleni na nyingine Makadara, matawi ya ile McMillan ya katikati ya jiji, nazo zimefufuliwa na Book Bunk, shirika lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka. Meza zipo, na rafu za kuwekea kitabu hicho zipo. Mzee awekwe kwenye jalada kama msimulizi, na chini yake, kwa herufi zinazosomeka, jina la kijana aliyeandika.

Wewe mzee wa reli unayenisikiliza, kabla hujafunga mizigo, mgongee mlango kijana wa jirani. Mgongee mchana, saa nane hivi. Kabla ya hapo amelala.